Mkono unaochota mafuta: barua kwa mwanangu anayeanza kazi kambini

Mwanangu,

Hongera, baba, kwa kazi ya kugawa misaada kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Kabla hujafunga begi, soma hii barua taratibu.

Mkataba wako utakuja na karatasi ya maadili. Wengi huisaini bila kuisoma, macho yao yakiwa kwenye mshahara. Chanzo chake ni waraka wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa Oktoba 2003, uliotoka baada ya taarifa ya 2002 kuhusu Guinea, Liberia na Sierra Leone, ambako wasichana wakimbizi walikuwa wakitakwa ngono ili wapate biskuti, sabuni au turubai. Ngono na aliye chini ya miaka 18 ni marufuku, hata kama sheria au mila ya mahali inaruhusu, na "nilidhani ni mkubwa" haikuokoi. Kutoa fedha, kazi au bidhaa ili upate ngono ni marufuku, na kwanza kile unachompa ni haki yake tangu mwanzo. Ukimshuku mwenzio, awe wa shirika lako au la jirani, unatakiwa kuripoti. Nchini kwetu rushwa ya ngono ni jinai pia, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007.

Utasikia watu wakisema kwenye chai, "Lakini mwenyewe alikubali." Mama ambaye kadi yake ya mgao haisomi, watoto wanne wanamngoja nyumbani, na mwenye kompyuta ni wewe peke yako, atakataa kwa kutumia nini?

Sasa njoo kwenye foleni, maana mambo huanzia hapo. Tazama mkono wa anayechota mafuta. Kopo likijaa hadi ukingoni kwa mmoja na kupungua kidole kimoja kwa mwingine, hapo pana fadhila, na fadhila hudaiwa. Ndiyo maana kiasi cha kila mtu huandikwa kwenye ubao mkubwa kabla ya kuanza, na kuwe na mizani pembeni ambayo mkimbizi yeyote anaweza kurudia kupima. Mwenye kuita namba asiwe ndiye anayerekebisha orodha. Kila jina linaloongezwa au kufutwa lisainiwe na watu wawili. Mkiweza, mmoja awe mwanamke.

Sentensi ya kuogopa ni hii: "Kadi yako ina shida, njoo baadaye ofisini." Shida ya kadi itatuliwe palepale, kwenye meza iliyo wazi, saa za kazi. Usichukue namba ya mama wa watu kwenye simu yako binafsi, hata kwa nia njema. Ugawaji uishe mapema alasiri, kwa sababu anayetoka na gunia jioni atamhitaji mbebaji, na mbebaji naye ana bei zake. Wasichana wanaolea wadogo zao peke yao na wajane wapewe nafasi mapema. Gari la shirika lisipakie mtu wa foleni kwa huruma ya dereva.

Kuajiri vibarua ndiyo sehemu mbaya kuliko zote, na hapa Kivu, mashariki ya Kongo, imetufundisha kwa uchungu. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, 2018 hadi 2020, fedha ziliingia kwa kasi, watu waliajiriwa harakaharaka, na wanawake walisimulia jinsi walivyotakwa ngono ili wapate kazi au wasifukuzwe. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti Septemba 2021: watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika lenyewe. Lililoniudhi zaidi ni kwamba lalamiko liliwekwa kando kwa hoja kuwa mlalamikaji si mnufaika wa msaada. Kwa hiyo nafasi za vibarua zitangazwe kwa Kiswahili na Kirundi, tangazo liseme wazi kazi haiuzwi, majina yachaguliwe kwa kura hadharani, na usaili usifanywe na mtu mmoja.

Sanduku la maoni utalikuta limepachikwa mlangoni pa ofisi, mlinzi kakaa chini yake. Halafu mkutanoni mtu atasema kwa furaha halina barua hata moja. Nani atatumbukiza karatasi mbele ya mlinzi? Na wasiojua kuandika je? Lihamishwe mahali ambapo watu hupita kwa shughuli nyingine, funguo ziwe kwa watu wawili, na awepo mwanamke wa kupokea malalamiko ya mdomo.

Mtu akikuambia limemtokea, wewe si mpelelezi. Msikilize mahali pa faragha, usimuulize alivaa nini wala kwa nini alikwenda. Usimwite mtuhumiwa "kumsikia upande wake", kwani utamtisha aliyelalamika na kuharibu ushahidi. Andika maneno yake yalivyo, peleka siku hiyohiyo kwa mratibu wa ulinzi, yaani anayeshughulikia kuwakinga wakimbizi na unyanyasaji, si mkuu wa walinzi wa getini, jina lake lisipite mikono mingine. Ikiwa ni ubakaji, saa zinahesabika: dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora, za kuzuia mimba hadi saa 120. PF3, ile fomu ya polisi, itafuata, matibabu yasiisubiri. Kama hajaoga, asioge kwanza, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi, kwa sababu nailoni hutunza unyevu na ushahidi huoza. Lakini uamuzi wa kwenda polisi, kwa mtu mzima, ni wake. Akiwa mtoto, mratibu ndiye atakayeelekeza.

Ukifika, kabla ya kuulizia mahali pa kula, tafuta bango lenye namba ya malalamiko. Ipige mwenyewe Jumapili jioni, uone kama kuna mtu anapokea na anajibu kwa lugha gani. Kisha unijulishe.

Mama yako