Kaka, zile hazikuwa kuni

Kaka,

Salamu kwanza, maana wewe ni mkubwa wangu. Nasikia umepiga marufuku ngoma kwenye harusi ya binti yako.

"Muziki kazi yake nini?" Uliniuliza hivyo kwenye matanga ya Mzee, papi za amadinda yake, marimba yetu ya Kiganda, ukiwa umezikumbatia kifuani. Kuni zilikuwa zimelowa, watu wanangoja chai, nawe, mlokole wa juzi, ukazisukuma papi zile mafigani moja moja mpaka zikaisha zote 12. Mti wa lusambya, mkavu wa miaka yote ile! Shangazi alikunywa chai hiyo. Mimi nilikataa kikombe, na mpaka leo naitwa mwenye kiburi.

Sasa nakujibu. Si tulikuwa tunakaa tukitazamana, papi zimelazwa juu ya migomba miwili? Wewe omunazi, unaanza. Mimi omwawuzi, nachomeka mapigo yangu katikati ya yako. Mzee omukoonezi, na zile papi mbili ndogo za mwisho. Mama akiwa jikoni alifuatisha kwa mdomo wimbo ambao hakuna mmoja wetu aliyekuwa akiupiga. Na aliusikia kweli: mapigo yakifumana kwa kasi ile, sikio huziokota lenyewe sauti za juu au za chini na kuziunga. Mgeni angeapa tuko watano. Basi kazi yake ndiyo hiyo, ile raha. Nyingine siijui wala siidai.

Ulisema ni mambo ya mashetani wa ikulu. Mwaka 1966 jeshi liliposhambulia Lubiri, ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo, wanamuziki wa ikulu walitawanyika na ala zao zikaharibiwa. Mzee hakuwahi kulisimulia hilo bila sauti kumkwama. Lakini wale walikuwa askari, walitumwa. Wewe ulitumwa na nani?

Mwache mtoto acheze, kaka. Ulikuwa na mkono mzuri kuliko wangu, Mzee mwenyewe alisema, na neno hilo liliniuma sana. Usimnyime. Ndiyo, kwenye olumbe, ile sherehe ya kumaliza msiba wa Mzee, sikuja, wala sikutuma hata shilingi. Ningeketije mbele ya mafiga yale? Hata wewe usingekuja.

Nimempata fundi wa kuchonga nyingine. Ule mlusambya wa nyuma ya nyumba uko upande wako wa mpaka. Tunakuja Jumamosi na msumeno, usitufungie geti.