Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Vibali: wadudu wanakauka, faili halisogei

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima zote. Nimekwisha kukuandikia mara tano kwa njia za kawaida kuomba kibali cha kupeleka sampuli zangu za wadudu nje ya nchi, na mara zote nimejibiwa kwa maneno yaleyale manne: "Suala lako linafanyiwa kazi."

Jumatatu nilifungua kabati la sampuli nikakuta kifuniko cha chupa moja kimepasuka na spiriti yote imekauka. Humo alikuwamo chawajani dume, mdudu mrukaji anayefyonza utomvu wa mimea, wa kijani, asiyefika urefu wa ukucha. Nilimpata msituni usiku wa tatu wa kukesha mbele ya taa na shuka jeupe vya kuvutia wadudu, mvua ikininyeshea. Sisimizi walinitangulia. Wameacha kichwa na bawa moja. Tumbo hakuna.

Huenda wasaidizi wako watakuambia mdudu ni mdudu tu. Chawajani wanaojulikana kisayansi ni zaidi ya spishi 20,000, na wengi kwa nje ni kama mapacha. Mara nyingi kinachowatenganisha ni viungo vya uzazi vya dume: unakata ncha ya tumbo, unailoweka katika hidroksidi ya potasiamu mpaka nyama iyeyuke, kisha unachora kinachosalia chini ya hadubini. Majike aghalabu hawakuambii kitu. Nimebaki na majike kumi na mmoja.

Kwa makusudi sikuwa nimempasua dume huyo. Alikuwa peke yake, nami nilitaka nimpasue mbele ya sampuli ya asili ya spishi jirani, yaani ile iliyotumiwa kuipa spishi hiyo jina, iliyo katika makumbusho ya nchi nyingine. Kumpeleka huko kunahitaji kibali. Kibali kinahitaji saini yako. Tangu 2000 kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinadai kila spishi mpya itajiwe kielelezo chake cha asili, kimoja au zaidi, na mahali kinapohifadhiwa. Sasa nikitaje nini, bawa?

Katika semina moja ulituahidi kwamba vibali vitatoka ndani ya siku 30. Nilipiga makofi. Huu ni mwaka wa tatu.

Katika msitu wa Kibale, Uganda, mtafiti Alvin Helden alimpata Phlogis kibalensis mwaka 2018, wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ambayo mara ya mwisho ilikuwa imeonekana 1969. Kufikia 2022 mdudu huyo alikuwa na jina na dunia ikamsikia. Miaka minne, kutoka msituni hadi jina. Mimi mitatu imeishia mezani kwako.

Nasikia kinachokwamisha ni hofu ya wageni kuiba rasilimali za viumbe wetu. Hofu hiyo ina msingi, siibezi. Au pengine fomu zilibadilishwa katikati na hakuna aliyekumbuka kuniambia. Au, nisamehe, faili langu limegeuzwa la kuwekea kikombe.

Spiriti nanunua kwa fedha yangu. Macho yamechoka, mradi ulikwisha zamani, na nyumbani wameacha kuniuliza kazi yangu ni nini hasa.

Nina chupa nyingine thelathini na nne. Nazikagua kila asubuhi kabla ya chai, kifuniko kwa kifuniko. Naomba saini, Mheshimiwa. Saini tu. Na kama jibu ni hapana, basi iandike hiyo hapana. Kalamu ni ileile.

Wako mtiifu, mpaka sasa,
Mkusanyaji wa chawajani