Bomba lisizikwe bila kichwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu makalavati, yaani mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, kwenye barabara za mitaa huku kwetu Goba, Dar es Salaam. Bomba linaletwa, linafukiwa, greda linapita. Zile kuta za kwenye ncha mbili za bomba, ambazo sisi mafundi tunaziita vichwa, zinaachwa zijengwe baadaye. Masika yanafika kabla ya hiyo baadaye.

La mtaani kwangu nililiona likifa. Maji yalitoka bombani kwa kasi, yakachimba shimo mdomoni. Mengine yalipenya ubavuni mwa bomba yakawa yanabeba mchanga wa tuta kidogokidogo. Juu barabara ilionekana nzima, mpaka boza la maji lilipozamisha tairi la nyuma. Tukaweka viroba vya mchanga na matairi chakavu. Mvua iliyofuata, matairi tuliyakuta bondeni.

Kwa nini vichwa visifyatuliwe yadi, kiangazi, palepale yanapofyatuliwa makalavati? Zege hupimwa nguvu yake siku ya 28, na siku saba za mwanzo linataka maji kila siku. Mtaroni, siku ya pili fundi ameshahamia kazi nyingine. (Nasema hivyo nikiwa fundi.) Yadi kuna maji, kuna kivuli, na kibovu kinakataliwa kabla hakijapakiwa kwenye lori.

Uzito si kisingizio. Kichwa chenye nusu mita ya ujazo kina kilo kama 1,200, na kijiko kilichochimba mtaro kinaweza kukishusha siku hiyohiyo kabla hakijaondoka.

Ila tusidanganyane, kichwa cha yadi nacho huanguka kikikalishwa juu ya mchanga mtupu. Lazima kiwe na jino linaloshuka chini kuliko maji yanavyoweza kuchimba, mabawa mawili ya kushika tuta, kiungo chake na bomba kizibwe kwa saruji, na mbele yake yapangwe mawe makubwa ya kuvunja kasi ya maji. Mawe hayo ndiyo huwa ya kwanza kufutwa bajeti ikibana, na bila hayo shimo linarudi.

Ninachoomba kwa wanaoandika zabuni: kichwa kiwe na mstari wake kwenye jedwali la bei, kando ya bomba, na mkandarasi asilipwe bomba ambalo ncha zake mbili bado ziko wazi.

Fundi mstaafu,
Goba, Dar es Salaam