Moyo uliozaliwa nao

Mwanangu,

Barua yako tumeipata, na sisi huku wazima. Unasema ulipanda lile hekalu lililobandikwa kwenye jabali karibu na mji wa Datong huko China, ukakuta ukumbi ambamo Buddha, Laozi, mwalimu wa Watao, na Confucius, mwalimu wa Wakonfusio, wameketi pamoja, ukajiuliza nani kati yao alimjua binadamu. Swali hilo, mama, halikutoka kwenye sanamu. Limetoka kwa yule rafiki uliyemkopesha pesa ya ada akatoweka.

Hebu iangalie herufi ya Kichina ya umbile la mtu, xing. Upande mmoja pana moyo, wa pili pana kuzaliwa. Mencius, Mkonfusio, aliitumia kusema umbile la mtu ni jema, naye ndiye aliyesema kwamba yeyote akiona mtoto anatumbukia kisimani hushtuka kabla hajawaza sifa wala malipo. Wabudha wa China wakaiandikia ule ubudha uliomo ndani ya kila mtu. Watao nao wakaishika. Kwa mfano wa hali ya asili, Laozi alishasema juu ya gogo lisilochongwa, na juu ya mtoto mchanga: mifupa laini, misuli dhaifu, lakini akishika ameshika. Ulikuwa na siku mbili uliponishika kidole. Nilishindwa kukitoa.

Usidhani walipatana kirahisi. Xunzi, Mkonfusio vilevile, alisema umbile la mtu ni baya na hunyooshwa kama mti uliopinda. Zhuangzi, Mtao, aliusifu mti uliopinda, maana seremala huuacha ukazeeka.

Anayenigusa mimi ni Wang Chongyang. Katika miaka ya 1160 alijichimbia kaburi karibu na milima ya Zhongnan, huko huko kwenu Xi'an, akaishi humo. Baadaye akaenda jimbo la Shandong kufundisha, na njia yake ya Utao ikaitwa Quanzhen. Mtao huyo aliwasomesha wanafunzi wake Daodejing, kitabu cha Laozi, Sutra ya Moyo ya Wabudha, na Xiaojing, kitabu cha Wakonfusio cha kuwaheshimu wazazi. Aliona vyote vinatafuta moyo uleule, msafi na mtulivu, uliofunikwa na tamaa. Kilichofunikwa hakijapotea, na ndiyo maana siamini kuwa rafiki yako ni mwizi wa kuzaliwa. Lakini mdai, ni haki yako.

Nusu ya ada nitaituma mwezi huu. Ukipata mapumziko, panda Zhongnan, kisha uniandikie kama miti yake imenyooka au imepinda.

Baba yako