Ndege wangu wamenizoea, mwindaji hawataki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie wafugaji wazoefu, maana mimi na shemeji yangu tumefika mahali hatuelewani.

Tunafuga fezanti, wale ndege wa jamii ya kuku wenye mikia mirefu, pamoja na kwale wa miguu myekundu. Wateja wetu ni wenye viwanja vya kuwindia, wanaonunua ndege waliokwisha kukua na kuwaachia porini kabla ya msimu. Kuzalisha hakutusumbui. Jogoo mmoja wa fezanti tunampa mitetea saba au minane. Kwale tunawaweka dume na jike, wawili wawili, kwa kuwa ndivyo wanavyoishi. Mayai yakikaa kwenye mashine kwa joto la nyuzi 37.5, vifaranga wanatoka kati ya siku ya 23 na ya 25.

Shida inaanza wakishaota manyoya. Mnunuzi wetu mkubwa amelalamika kwamba ndege hawaruki. Mbwa akisogea, wao wanatembea. Wengine walimfuata mfanyakazi wake wakidhani kaleta chakula. Nilicheka alipokuwa akinieleza, mwenzangu hakucheka. Mwindaji analipia ndege anayechomoka majanini kwa kishindo, na huyu wetu anasimama kumtazama kama jirani anayengoja salamu.

Shemeji anawapenda mno, hilo ndilo lenyewe. Anaingia bandani kila mara, anawaita, anawalisha mkononi. Ila siwezi kumlaumu moja kwa moja. Fezanti wasiozoea watu wakishtuka hupaa wima na kujigonga juu ya banda mpaka ngozi ya kichwa ichanike. Tena wakibanana, au mwanga ukiwa mkali, au chakula kikipungua protini, wanaanza kudonoana. Damu ikionekana tu, wote wanamwandama yule mmoja. Mkia ndio unaotangulia kuisha, na mwindaji hataki fezanti asiye na mkia. Shemeji, kwa kule kushinda nao, anamwona anayeanza kudonolewa na kumtenga mapema. Mimi ningemkuta ameshakufa.

Ninachotaka ni banda refu, ndege wachache ndani yake, vichaka na majani ya kujificha, wavu laini juu ili wajifunze kuruka bila kuumia, na chakula kiwekwe pasipo wao kumwona anayekileta. Yeye anasema gharama hiyo hatuimudu, bora tuwakate ncha za midomo wasidonoane. Vile vipete vya plastiki vinavyozuia mdomo kufumba sawasawa naweza kuvikubali, kwa sababu hutolewa kabla ya kuuza. Lakini ndege atakayekwenda kujitafutia chakula porini umkate mdomo? Hapo sikubali.

Wazo lake jingine ni tuwaache wawindaji, tuuze nyama. Ndege mpole hana hasara buchani, hapo ana hoja. Ila fezanti anahitaji wiki 16 au zaidi kabla ya kuchinjwa, wakati kuku wa nyama yuko tayari kwa wiki sita tu, na kifaranga wa fezanti anataka chakula chenye protini karibu asilimia 28 wiki za mwanzo. Nani atalipa tofauti hiyo? Kuuza mayai ya kutotolesha na vifaranga wa siku moja kunanivutia zaidi, maana wasiwasi wa kuruka unabaki kwa mnunuzi. Tatizo, mitetea hutaga kwa msimu, mchana unaporefuka, kisha unawalisha miezi mingi bila yai.

(Aliwahi pia kupendekeza tuweke kuku kwenye mabanda yanayobaki bila ndege. Nilikataa. Minyoo ya kuku hubeba vijidudu vinavyoshambulia ini, na kwale wakivipata wanakwisha.)

Sasa naomba mnisaidie. Wenye kufuga kwa ajili ya uwindaji, ndege wenu mnaacha kuwaonyesha sura ya mtu wakiwa na umri gani, na mnawakagua vipi bila kuwazoeza? Je, inawezekana kugawa kazi, shemeji abaki na wazazi na vifaranga wadogo, nami nichukue wanaokua? Na kama inawezekana, nimwambieje? Ni kaka mkubwa wa mke wangu, nusu ya mtaji ni yake, na sitaki asikie kwamba namfukuza bandani kwa kosa la kuwapenda ndege.

Mnunuzi anataka jibu kabla hatujaweka mayai mengine kwenye mashine, kwa hiyo atakayeweza kunijibu mapema nitamshukuru.

Mfugaji wa ndege wapole