Kuzima jeni ya mbu si kuachia mbu mtaani

Ndugu Mhariri,

Barazani, habari za utafiti wa mbu huchanganya mambo mawili: kumbadilisha mbu jeni ili aachiwe nje, na kumzima jeni maabara, yaani kuizuia jeni isifanye kazi kwa muda. Hili la pili haliigusi DNA yake. Athari yake hudumu siku au wiki chache tu, na mbu wenyewe huuliwa wakishapimwa.

Linatuhusu kwa sababu Anopheles arabiensis, mbu waenezao malaria, wa Pemba walishaonesha usugu kwa pairetroidi, aina ya dawa za kuua wadudu, na upigaji dawa majumbani ukahamia dawa ya aina nyingine, bendiokabu. Anayetaka kujua ni kimeng'enya kipi kinachoivunja dawa mwilini mwa mbu huizima jeni inayokitengeneza, kisha akatazama kama mbu sasa anakufa.

Seli hutumia RNA, nakala ya maagizo ya jeni, kutengenezea vimeng'enya. Kwa hiyo hutayarishwa RNA ya nyuzi mbili, ya herufi (viungo vya mnyororo wake) 200 hadi 600 zinazolingana na jeni inayotafutwa. Mbu majike wa siku moja hadi tatu hulazwa usingizi kwa kaboni dioksidi au juu ya barafu, wakachomwa ubavuni mwa kifua kwa sindano ya kioo. Kipimo kilichozoeleka ni nanolita 69 zenye mikrogramu 3 kwa kila mikrolita, yaani kiasi cha nanogramu 200 kwa mbu. Seli huikata RNA hiyo vipande vya herufi kama 21, navyo huelekeza RNA ya jeni yenyewe iharibiwe. Hupimwa siku ya tatu au ya nne.

Makosa huanzia kwenye kundi la kulinganishia. Mbu wasiochomwa hawafai, maana jeraha peke yake huua na huamsha kinga ya mwili. Nao wachomwe, ila kwa RNA ya jeni ambayo mbu hana, mathalani GFP, jeni ya yavuyavu ya protini inayong'aa kijani. Wanaokufa siku ya kwanza waondolewe kwenye hesabu za makundi yote mawili. Jeni za ukoo wa CYP6P, zinazotengeneza vimeng'enya vya kuvunja dawa, nazo zinafanana mno: kipande kikilingana na jeni ndugu, zitazimika zote mbili na lawama itaiangukia moja. Hata RNA ikishuka kweli, kimeng'enya kilichokwisha tengenezwa chaweza kubaki kikifanya kazi, kwa hiyo jibu la "hakuna tofauti" lisipokelewe haraka. Tezi za mate ndizo sumbufu zaidi kuzimiwa jeni: zinahitaji dozi kubwa ya RNA.

Kisha dawa yenyewe. Dozi inayoua karibu wote, au isiyoua hata mmoja, haioneshi kitu. Itafutwe kwanza inayoua kama nusu ya kundi la kulinganishia, vifo vihesabiwe baada ya saa 24, na baadhi ya mbu kutoka kila kundi wagandishwe kabla ya kukutana na dawa ili kiwango cha RNA kipimwe.

Usugu wa kdr, ule wa neva kutodhurika na dawa, usitafutwe kwa njia hii. Hutokana na badiliko la herufi moja katika jeni ya mlango wa sodiamu kwenye neva. Wingi wa jeni hauhusiki. Ukiizima jeni hiyo unapunguza mlango wenyewe, ambao mbu anauhitaji ili aishi. Kwa kdr, kipimo cha PCR, kinachozidisha nakala za DNA na kusoma herufi hiyo, kinatosha, na ni rahisi zaidi.

Wataalamu wa wadudu,
Chake Chake, Pemba