YAH: MALALAMIKO KUHUSU KOKOPITI YENYE CHUMVI ILIYOUZWA KAMA "TAYARI KWA KUATIKA"

Wazalishaji wa Miche ya Mboga,
Lushoto, Tanga.

Meneja Mauzo,
Kampuni ya Pembejeo za Kilimo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunalalamikia bloku za kilo 5 za kokopiti (vumbi la makumbi ya nazi lililokandamizwa) mlizotuuzia kwa ajili ya trei za miche ya nyanya na pilipili hoho. Kwenye lebo mmeandika "imeoshwa, tayari kwa kuatika". Haikuoshwa ipasavyo na haiko tayari. Mbegu zimeota kwa mapengo, na miche iliyotoka imenyauka mchana ilhali trei zimelowa. Kingo za majani ya kwanza zimeungua zikawa kahawia, na mizizi imebaki mifupi yenye ncha nyeusi.

Huu si ugonjwa wa kinyausi. Mche wenye kinyausi hulainika na kukatika pale shina linapotoka kwenye udongo. Mashina ya miche hii ni magumu, yamesimama. Kilichotokea ni kwamba maji yaliyozunguka mizizi yana chumvi nyingi kiasi kwamba mzizi unashindwa kuyavuta.

Tumepima EC, yaani wingi wa chumvi zilizoyeyuka. Tulilowesha kokopiti mpaka ikibanwa kiganjani inachuruza matone machache, tukachukua kipimo kimoja chake kwa kipimo kimoja na nusu cha maji ya mvua, tukakoroga, tukaacha nusu saa, tukachuja kwa kitambaa na kusoma. Maji ya mvua yenyewe yalisoma 0.04 mS/cm (millisiemens kwa sentimita, kizio cha EC tunachotumia kote hapa). Bloku moja ilisoma 3.4, nyingine 2.9, nyingine 1.1. Kwa njia hii, kokopiti iliyooshwa vizuri kwa ajili ya miche haitakiwi kuzidi 0.5 hivi. Tofauti kubwa kati ya bloku na bloku za mzigo mmoja inatuonyesha kwamba mnachanganya makumbi ya vyanzo mbalimbali bila kupima. Mnajua wenyewe kwamba ukanda wa pwani makumbi mengine hufukiwa ufukweni miezi kadhaa ili yalainike kwa kazi ya kusokota kamba. Vumbi la makumbi hayo hubeba chumvi ya bahari. Hata yale yasiyogusa bahari yana potasiamu na kloridi nyingi kwa asili yake, kwa hiyo hakuna makumbi yanayostahili kupita bila kuoshwa.

Bwana shamba wenu alipoelezwa kwa simu kwamba majani yamepauka, alisema miche ina njaa, tuweke mbolea ya NPK 17-17-17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji. Ushauri huu ndio unaotusikitisha zaidi. Kijiko hicho ni kama gramu 5, na gramu 5 kwa lita hupandisha EC kwa zaidi ya 3. Mche ambao tayari unakabwa na chumvi huongezewa chumvi nyingine. Juu ya hapo, 17-17-17 ina potasiamu, na potasiamu ndiyo iliyozidi humo. Ikizidi, inauzuia mzizi kuchukua kalsiamu na magnesiamu. Jani lililopauka kwa sababu hiyo halitibiwi kwa mbolea ile ile inayolikosesha chakula.

Mtajibu kwamba mteja angeweza kuosha mwenyewe. Tumeosha kwa maji matupu mpaka maji yanayotoka chini yakasoma 0.4, na miche iliyoatikwa humo imekuwa na majani machanga yaliyojikunja, ncha zimekauka. Hizo ni dalili za upungufu wa kalsiamu. Sababu yake ni kwamba chembe za kokopiti hushika sodiamu na potasiamu kwenye nyuso zake, na maji matupu huondoa tu zile zinazoelea. Ukimwagilia mbolea yenye kalsiamu, kokopiti huinyakua kalsiamu hiyo na kuachia sodiamu na potasiamu badala yake, mche ukabaki bila. Kipima EC hakiwezi kuliona jambo hili, kwa sababu kinahesabu chumvi zote pamoja bila kuzitenganisha.

Kazi ambayo ilipaswa kufanyika kiwandani ni kuiloweka kokopiti kwenye kalsiamu naitreti kabla ya kuikausha na kuikandamiza. Bloku tulizozitibu hapa kwa gramu 100 za kalsiamu naitreti (ile yenye naitrojeni asilimia 15.5) katika lita 25 za maji, zikalala usiku kucha, zikachujwa na kusuuzwa kwa maji safi, zimetoa miche ya kijani yenye mizizi myeupe iliyoshika tundu lote la trei. Mbegu za pakiti ile ile, maji yale yale, kitalu nyumba kile kile. Kilichotofautiana ni kokopiti peke yake.

Kuna na kipeperushi chenu cha mbolea. Kinaelekeza kuyeyusha kalsiamu naitreti na salfeti ya magnesiamu kwenye ndoo moja ya mchanganyiko mzito. Vikikutana vikiwa vizito hivyo hutengeneza jasi, unga mweupe unaotua chini na kuziba matundu ya mipira ya matone. Mbolea zenye fosfeti nazo huganda zikikutana na kalsiamu. Kalsiamu naitreti hukaa kwenye ndoo yake, salfeti na fosfeti kwenye nyingine, na hukutana tu zikishazimuliwa kwa maji mengi. Tafadhali kiondoeni kipeperushi hicho madukani.

Kwa haki, bloku zinavimba kufikia lita 65 kama mlivyoandika, pH (kipimo cha uchachu) imesoma 6.1 ambayo inafaa, na hatukukuta mawe wala mbegu za magugu. Malighafi yenu ni nzuri. Hatua ya kuosha na kutibu ndiyo iliyorukwa, na bei mliyotoza ni ya bidhaa iliyopitia hatua hiyo.

Tunaomba mrudishe fedha za mzigo wote pamoja na gharama ya mbegu zilizoharibika, au mlete bloku mbadala zenye cheti cha vipimo vya mzigo husika kinachoonyesha EC, pH, sodiamu, potasiamu na kalsiamu. Kwa bloku zilizobaki madukani, futeni maneno "tayari kwa kuatika" na mwandike jinsi ya kuosha na kutibu.

Bloku ambazo hazijafunguliwa tumezihifadhi pakavu na lebo zake zenye namba ya mzigo. Tunapendekeza mtume mwakilishi, zichaguliwe tatu mbele ya pande zote mbili, kila moja igawanywe sehemu tatu: yenu, yetu, na ya maabara ya udongo ya TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano au ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro. Gharama ya vipimo ibebwe na upande utakaoonekana umekosea.

Tunasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Yasipopatikana, tutapeleka barua hii pamoja na lebo na risiti kwa Tume ya Ushindani (FCC), kwa sababu maelezo yaliyoko kwenye lebo yanampotosha mnunuzi.

Wenu,
Wazalishaji wa Miche ya Mboga, Lushoto

Viambatanisho: nakala ya risiti, picha za lebo na za miche, jedwali la vipimo vya EC kwa kila bloku.